Anti, mimba ya mke wangu iliharibika na mi nikafungua Excel

Shikamoo Anti. Naomba usiweke jina langu, hata herufi ya kwanza usiweke maana mke wangu anasoma safu yako. Nina miaka 34, nakaa Kimara, nafanya kazi ya ukaguzi wa mahesabu kwenye ofisi moja Posta, nimeoa huu ni mwaka wa tatu. Naandika nikiwa kwenye mwendokasi narudi nyumbani kwahiyo nisamehe kama maneno yataruka ruka.

Iko hivi. Mwaka huu mke wangu alishika mimba, ya kwanza, tulikuwa tumeisubiri sana. Wiki ya kumi na moja tukaenda kliniki, kwenye utrasaundi yule daktari akawa kimya, anazungusha kile kifaa anarudia palepale, alafu akasema mapigo ya moyo hayaonekani. Mimba ilikuwa imeshaharibika, ikabidi asafishwe. Usiku ule yeye amelala mi nikaingia Google nikasoma mpaka alfajiri. Nikajua kwamba kwa mimba ambazo mama ameshajua anazo, kati ya 10 na 20 katika kila 100 zinatoka, na zile zinazotoka miezi mitatu ya mwanzo nusu yake au zaidi ni kromosomu, zile zinazobeba vinasaba, hazikukaa sawa tangu mwanzo, yaani hakuna kitu mtu angefanya kikabadilisha. Anti nikwambie ukweli nilipata amani, nikaona kumbe hili jambo lina maelezo. Asubuhi nikamweleza mke wangu, nikamchorea mpaka kwenye karatasi. Akasikiliza, akasema sawa.

Alafu nikatengeneza faili la Excel. Siku zake zikirudi, lini aanze vidonge vya foliki, miezi sita ya kusubiri kama Shirika la Afya Duniani wanavyoshauri, mwezi wa kujaribu tena, na ile tarehe ambayo mtoto angezaliwa nikaiacha juu kwenye kona, sijui kwanini. Nilitaka siku akiniuliza "sasa tunafanyaje" niwe na jibu mkononi. Sa siku moja akawasha laptopu atafute kitu chake akalikuta. Hakugomba wala nini. Jioni niliporudi akaniambia inaniuma, nikaanza kumwambia ni kawaida, mimba ikitoka homoni zinashuka ghafla ndo maana mtu anajisikia hivo, akanikatisha akasema "mi sijakuuliza kwanini, nimekwambia inaniuma". Kesho yake akaenda kwa mama yake Mbagala, anasema anapumzika. Tunaongea kwenye simu, umeamkaje, umekula, basi.

Sio kwamba sina moyo, na sio kwamba sijielewi. Baba yangu alikuwa mtu wa nidhamu, ukilia unaulizwa "unalia nini, eleza", ukishindwa kueleza unaambiwa nyamaza, kwahiyo nimekua najua kitu kikiwa na maelezo ndo kina haki ya kuwepo. Na kazi yangu nayo ndo hiyohiyo, kila shilingi iwe na risiti. Nimesoma sana haya mambo, nimesikiliza podikasti nyingi, najua kabisa mi ni mtu wa kukwepa hisia kwa kuzichambua, naweza hata kukuelezea inavyoanza mpaka inavyoisha. Ila kujua hakujabadilisha kitu. Nikikaa nijaribu kuhuzunika naanza kujiuliza hii ni huzuni au ni hatia au ni uchovu tu wa kazi, nikimaliza kuchambua nakuta haipo tena.

Jumamosi iliyopita nilifungua kabati natafuta shati nikakuta ile doti ya khanga aliyonunua Kariakoo ya kumbebea mtoto. Nikafunga kabati.

Kingine kifua kinanibana, hasa usiku, nastuka saa tisa nakuta nimekaza meno mpaka taya zinauma. Nimeenda hospitali, presha iko sawa, moyo wamepima na mashine wakasema mzima. Daktari akaniuliza una mawazo, nikamwambia hapana. Ofisini hakuna anayejua. Mama yangu alisema bado vijana, Mungu atawapa mwingine, na hilo nalo ni kweli ukiangalia takwimu.

Naomba unipe hatua Anti, moja mbili tatu, mtu kama mimi afanyeje ili ahisi. Nikipewa utaratibu naufuata. Nampenda mke wangu, sitaki awe peke yake ndani ya hiki kitu.

Mkaguzi, Kimara

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole. Pole sana kwa kumpoteza mtoto wako.

Naanza na hiyo pole kwa sababu nimeisoma barua yako yote natafuta aliyekupa, sijamwona. Daktari alikuwa na mgonjwa mbele yake, mama yako alikuambia mtapata mwingine, ofisini hujasema, na wewe mwenyewe ulikuwa bize unatafuta kromosomu. Mimba ikiharibika watu wanamwendea mama, na ni haki yake maana mwili ni wake na maumivu ni yake, ila baba anabaki amesimama mlangoni na mfuko wa matunda, na mtu akimuuliza kitu anamuuliza "mama anaendeleaje". Na wewe umefiwa. Najua hujaandika hilo neno popote.

Sasa ngoja nikwambie nilichokiona kwenye barua yako. Kila kitu ulichoandika umekiambatanisha na sababu yake. Mimba imetoka, sababu hii. Mke anaumia, sababu homoni. Mi niko hivi, sababu baba na kazi. Ila kuna mistari miwili umeiacha mitupu, umefungua kabati, umeona doti ya khanga, umefunga kabati. Hukusema ulijisikiaje, hukusema ni kawaida, hukuleta takwimu, na aya iliyofuata ukarukia kifua. Mwanangu, unaniuliza ufanyeje ili uhisi, wakati pale kabatini ulihisi mpaka mkono ukafunga mlango wenyewe. Hisia unazo na ziko nzima. Shida ni kwamba ikitokea tu unaiwahi na swali, kabla haijakaa hata dakika moja tayari umeshaiomba risiti.

Na mi sikulaumu kwa lile faili, naomba hilo ulisikie vizuri. Fikiria msiba wa mtu mzima hapa kwetu. Wanaume wanapewa kazi tangu dakika ya kwanza, huyu akakodi turubai na viti, yule ashike daftari la rambirambi, wale wakachimbe kaburi, wengine wanakesha nje kwenye viti vya plastiki wanacheza karata na kunywa kahawa mpaka asubuhi. Hakuna anayekuambia "kaa uhisi", lakini ndani ya zile shughuli huzuni inapata pa kupita, unapiga jembe huku unajua unampigia nani, unalia pembeni kidogo unarudi, watu wanakuona na wanajua. Mimba ya wiki kumi na moja haina turubai. Haina matanga, haina daftari, hakuna mtu anayekuja kukesha, kesho yake unatakiwa uwe kwenye mwendokasi unaelekea Posta umechomekea. Kwahiyo mtu wa kazi kama wewe, aliyezoea kwamba mapenzi yanaonyeshwa kwa kushughulika, ukajitafutia shughuli ukaipata Excel. Mi naona kabisa kwamba lile faili ni upendo. Na ile tarehe ya kwenye kona uliyosema hujui kwanini uliiacha, mi nadhani unajua.

Tatizo ni kwamba kaburi unalichimba pamoja na wenzako, ila faili ulilitengeneza peke yako usiku, na lilikuwa linaangalia mtoto anayekuja wakati mkeo bado yuko na huyu aliyeondoka.

Hii tabia ya kuhamia kichwani pale moyo unapouma sio yako peke yako wala sio ugonjwa. Anna Freud, mtaalamu wa mambo ya nafsi na binti yake Sigmund Freud aliyeanzisha tiba ya nafsi kwa maongezi, aliieleza tangu mwaka 1936, aliiona kwa vijana wanaopanda na umri, yule ambaye ndani kunachemka anaanza kuzungumzia mambo makubwa ya falsafa na maana ya maisha, anaongea vizuri kweli, na maongezi yanamsaidia akae mbali na kile kinachochemka. Na inasaidia, ndo maana watu wanaifanya. Usiku ule wa kwanza ilikusaidia, ulipata amani ukaweza kusimama, na mtu inabidi asimame. Ila haikutakiwa iendelee mpaka leo. Wewe sasa umefika mahali unachambua kwanini unachambua, baba, malezi, kazi, podikasti, na maelezo yako ni mazuri, siyapingi hata moja, lakini ni faili lingine hilo mwanangu.

Na kujizungusha kwenye "kwanini" kuna gharama yake. Kulikuwa na mwanasaikolojia wa Marekani aliyeitwa Susan Nolen-Hoeksema, yeye na mwenzake walikuwa wamewahoji wanafunzi wa chuo cha Stanford jinsi wanavyokabili huzuni, wiki mbili baadaye mwezi wa kumi 1989 likapiga tetemeko kubwa kule California. Wakarudi kuwahoji walewale. Waliokuwa na tabia ya kukaa wanairudiarudia huzuni yao, kwanini najisikia hivi, hii inamaanisha nini, ndo waliokutwa na dalili nyingi zaidi za sonona baadaye. Mtu anayefanya hivo anaamini anashughulikia tatizo, kumbe anazunguka tu. Wewe saa tisa usiku umekaza meno, mi nina uhakika hapo kichwani unapiga hesabu.

Umeniomba hatua moja mbili tatu. Sitakupa, maana nikikupa utazifuata vizuri sana, utajipima kila jioni umefikia asilimia ngapi ya kuhisi, tutakuwa tumerudi palepale. Nitakupa kitu kimoja cha kufanya ukiwa peke yako na kimoja cha kufanya na mkeo, na vyote usivipe alama.

Cha peke yako ni kuandika, kwa mkono, kwenye karatasi, sio laptopu. Dakika kumi na tano, zima simu. Andika siku ile ya kliniki. Mlikaa wapi, kulikuwa na nani, chumba kilikuwa kinanukia nini, daktari alipokaa kimya wewe ulikuwa unaangalia wapi, mkono wa mkeo ulikuwa wapi. Alafu andika na mwili wako ulikuwaje, koo, tumbo, miguu, na neno la hisia moja likija liandike lilivyo, niliogopa, niliona aibu, nilimkasirikia daktari, nilitaka kukimbia, chochote, weka nukta. Ukiona kalamu inaandika "kwa sababu" acha hiyo sentensi hapo hapo uanze nyingine. Nakuelekeza hivi kwa sababu ya kazi aliyofanya mwanasaikolojia James Pennebaker, mwaka 1986 yeye na mwanafunzi wake walichapisha utafiti ambao wanafunzi wa chuo kule Texas waliandika dakika kumi na tano kwa siku nne mfululizo kuhusu jambo zito la maisha yao. Wengine waliambiwa waandike matukio tu, nini kilitokea, bila hisia. Wengine hisia tu. Wengine vyote viwili pamoja. Na wengine mambo ya kawaida tu. Miezi iliyofuata wale walioandika tukio pamoja na hisia walienda zahanati ya chuo mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida. Walioandika matukio matupu hawakupata kitu, ni kama hawakuandika. Mkaguzi mwenzangu wa maneno, hilo kundi la matukio matupu ndo barua yako ilipo, ukiacha ile mistari ya kabati.

Na ujue mapema kwamba walioandika hisia zao walitoka mle chumbani wakiwa wameumia zaidi siku ileile. Kwahiyo ukimaliza ukajisikia vibaya hujakosea. Ikizidi, simama, nenda nje, tembea mpaka barabarani, nunua maji, utaendelea siku nyingine. Na machozi yakija yaje, yasipokuja usiyatafute wala usijihukumu, kuna watu wanazika mzazi bila chozi na wameumia mpaka kwenye mifupa. Karatasi ukimaliza ichane ukitaka, hakuna atakayeikagua.

Sasa mkeo. Nenda Mbagala. Sio kwa simu. Nenda siku ambayo hutakuwa unaangalia saa, maana foleni ya Mbagala unaijua. Beba kitu cha mama mkwe kama kawaida, msalimie, kaa naye kidogo, usikimbilie ndani kwa mkeo kama mtu aliyekuja kuchukua mzigo wake. Alafu mkipata nafasi mkiwa wawili, kibarazani au mkitembea, mwambie habari ya kabati. Hivohivo ulivyoniandikia mimi. "Nilifungua kabati nikaona ile doti ya khanga, nikafunga." Ukiweza ongeza moja tu, iwe ya kweli, kama ni "nilishindwa kuiangalia" basi sema hiyo. Alafu nyamaza. Najua hapo ndo patakuwa pagumu kwako kuliko pote, ule ukimya, ulimi utawasha, utataka kuujaza. Usiujaze. Akilia kaa karibu naye. Akikasirika muache akasirike, ana haki, na usimweleze kwamba hasira ni hatua ya kawaida ya maombolezo. Akikwambia inaniuma, jibu lako ni "na mimi inaniuma", kama ni kweli, na nadhani ni kweli. Akikuuliza kuhusu lile faili usilitetee, mwambie ulikuwa unamtafutia njia ya kumsaidia ukaenda peke yako.

Ile elimu yako ya kromosomu usiitupe. Itakuja siku, na kwa wanawake wengi inakuja, labda usiku, atakuuliza kama ni zile ndoo za maji alizobeba, au ile siku mliyogombana, au kuna kitu alikula. Siku hiyo ndo umweleze kila ulichosoma, taratibu, mwambie hakuna ndoo iliyofanya hivyo na hakuna ugomvi uliofanya hivyo. Habari ileile, ukiitoa wakati anauliza "ni kosa langu?" inamtua mzigo mabegani, ukiitoa wakati anasema "inaniuma" inamfungia mlango. Na kuhusu lini mjaribu tena, hilo mlizungumze na daktari wenu mkiwa wote wawili, akiwa tayari yeye, maana ushauri hautofautiani kwa miezi tu, unatofautiana na hali ya mama pia.

Ile tarehe ya kwenye kona usiifute, na usikae nayo peke yako. Muulize mkeo, siku hiyo ikifika tufanyeje. Labda atataka kanisani au dua, labda atataka mwende tu ufukweni mkae, labda atasema hataki kuikumbuka kabisa, ukubali. Mimi ningependa muwe na kitu cha kufanya maana hiki kifo hakikupewa siku yake, lakini uamuzi ni wenu.

Kuhusu kifua, umefanya vizuri kupima, na ikibana ukiwa unatembea au unapanda ngazi rudi tena hospitali usiseme ni mawazo. Ila rudi pia kwa yule daktari aliyekuuliza una mawazo, umpe jibu la kweli. Mwambie mke wangu mimba iliharibika na silali. Kama usingizi hauji, kazi hazishikiki, au mmoja wenu anaanza kuona bora asingekuwepo, msisubiri barua nyingine kutoka kwangu, nendeni hospitali siku hiyohiyo. Muhimbili pale wana idara ya afya ya akili, na hospitali nyingi za mkoa wanaweza kukuunganisha na mshauri. Kwenda kwa mshauri wote wawili sio kwamba ndoa imeshindikana, hii ndoa yenu mi naiona iko hai, mtu aliyechoka ndoa haandiki barua ndefu hivi amesimama kwenye mwendokasi.

Jumamosi hii basi nenda Mbagala. Laptopu iache nyumbani. Mpe mkeo pole yangu, na mama mkwe msalimie.